Heartbleed: Usibadili Nywila Kabla Seva Haijazibwa

Tarehe 7 Aprili 2014, watunzaji wa OpenSSL walitoa toleo la 1.0.1g kuziba tundu lililokuwa limekaa ndani ya programu hiyo kwa miaka miwili. OpenSSL ni maktaba ya usimbaji: waandishi wa programu huichukua ikiwa tayari na kuiweka kwenye seva zao, ili mawasiliano yasisomwe na mtu wa kati. Tundu hilo, Heartbleed, liligunduliwa na Neel Mehta wa Google na pia wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland, kila upande kivyake.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Kompyuta mbili zikiwa zimeunganishwa, moja inaweza kutuma ujumbe mfupi kuuliza kama mwenzake bado yupo, na ujumbe huo hutaja urefu wa maneno uliyobeba. Mwenzake hurudisha maneno yaleyale. OpenSSL haikuhakiki urefu uliotajwa. Mtu akituma neno la herufi nne akadai ni herufi elfu sitini, seva ilirudisha zile nne, kisha ikaendelea kuchota chochote kilichopakana nazo katika kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja. Na ombi lilirudiwa kadiri mtu alivyotaka. Humo hupita nywila zilizoandikwa dakika hiyo, barua za watu, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kwa kawaida, wizi huo haukuacha alama yoyote katika kumbukumbu za matukio. Nchini Kanada, mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilichukuliwa.

Habari zilipoenea, wengi walikimbilia kubadili nywila. Haraka hiyo ina hatari yake: seva ikiwa bado inavuja, nywila mpya inaingia katika kumbukumbu ileile, tena ikiwa ndiyo kwanza imeandikwa.

Kwa hiyo anayeanza ni msimamizi wa seva. Asasishe maktaba, kisha aanzishe upya kila huduma inayoitumia, maana huduma ambayo haijazimwa huendelea kutumia nakala ya zamani. Halafu atengeneze ufunguo mpya, aombe cheti kipya kwa ufunguo huo na kubatilisha cha zamani. Wapo waliochukua cheti kipya juu ya ufunguo uleule. Hao hawakujikinga na lolote. Mwisho awatoe watumiaji wote ili waingie upya.

Tangazo la kwamba kazi hiyo imekamilika likitoka, ndipo zamu yako. Anza na nywila ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo njia ya kurejeshea nywila za akaunti nyingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Andika mwenyewe anwani ya tovuti. Usibofye kiungo kilicholetwa na ujumbe unaokuhimiza kubadili nywila, kwani matapeli hupenda sana majira kama haya.

Usisahau vifaa vya nyumbani na ofisini. Simu za Android 4.1.1 zilikuwa na tundu hili, na baadhi ya ruta pia. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukiletea masasisho kisitumike tena kwa benki wala kwa barua za kazi.