Ulezi wa Yatima na Mali Yake

Yatima katika sharia ni mtoto aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Aliyefiwa na mama haitwi hivyo, ijapokuwa huzuni yake ni kubwa, kwani anayelazimiwa na chakula na nguo zake angali hai.

Ulezi wake una milango miwili, na wengi huichanganya. Wa kwanza ni hadhana, yaani kumlisha, kumwosha na kumlaza. Haki hii ni ya mama mbele ya wote, hata mtoto afike umri wa kupambanua, nao kwa kawaida ni miaka 7. Mlango wa pili ni uwalii wa mali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, uwalii huu ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa na wa mwisho wao kufa, kisha Kadhi. Ammi hamo. Basi ammi akusanyaye kodi ya nyumba ya marehemu nduguye kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo, pasina wasia wala idhini ya Kadhi, ameshika mali isiyokuwa yake kuishika. Na baba aweza kumfanya mama wa watoto kuwa wasii. Wanavyuoni wamesema yeye ni bora kuliko wengineo akitimiza sharti. Lakini ni wangapi waandikao wasia?

Lililo zito zaidi ni karamu ya matanga. Mtu hufa, na siku ya tatu mchele na mbuzi hununuliwa kwa fedha alizoziacha. Fedha hizo, zikitolewa gharama za maziko, deni na wasia, ni za warithi. Akiwamo yatima, fungu lake ni haramu kuliwa katika pilau ya hitima. Mamake hawezi kulitoa kwa ajili yake, na ridhaa ya mtoto mwenyewe si kitu. Atakaye kulisha watu na atoe mfukoni mwake. Na sunna ni kinyume cha ada hii: Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, si wao wapikie watu.

Pasipokuwa na walii wala Kadhi, jambo huwarudia watu wema wa mji, nao wote hupata dhambi wakiliacha. Amchukuaye yatima nyumbani kwake asimbadilishe nasaba. Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la babake Haritha iliposhuka aya katika Suratul Ahzab. Hii ndiyo kafala, ambayo hata mkataba wa mataifa wa haki za watoto wa mwaka 1989 umeitaja katika kifungu cha 20.

Walii asiuze shamba wala nyumba ya yatima ila kwa haja au faida iliyo wazi. Akiwa tajiri ajizuie kula. Akiwa fakiri, na kazi hiyo yamzuia kuchuma, atwae kilicho kidogo baina ya ujira wake na haja yake. Mtoto akikaribia kubaleghe hujaribiwa: mwana wa mfanyi biashara hupelekwa sokoni ashindane bei, na bei ikipatana, walii ndiye afungaye biashara. Akisha kubaleghe na kuonekana ana uongofu katika dini na mali, hukabidhiwa mali yake mbele ya mashahidi.