Mionzi ya Saratani: Jinsi Viungo Vizima Vinavyokingwa

Swali moja hunifikia mara kwa mara hapa Marafa, hasa kutoka kwa wazee waliopimwa Malindi au Mombasa wakaambiwa wana saratani ya tezi dume: "Daktari, hiyo mionzi si itaniunguza tumbo lote?" Wengine huja na habari tofauti. Wamesikia kwamba Nairobi kuna roboti inayoua saratani bila kugusa kitu kingine, na familia iko tayari kuuza minazi na mikorosho ili mzee apelekwe huko. Hofu ya hao wa kwanza huwafanya wakatae tiba. Matumaini ya hao wa pili huwafanya waisubiri tiba isiyowafaa huku ugonjwa ukienea. Yafaa basi tueleze mambo yalivyo.

Mionzi hufanyaje kazi?

Mionzi ya tiba ni jamaa ya ile ya eksirei, ila nguvu zake ni kubwa mno. Huharibu kiini cha seli hata seli ishindwe kuzaana. Seli nzima zilizo njiani nazo huumia, lakini kwa kawaida hujitengeneza upya vizuri kuliko seli za saratani. Ndiyo sababu tiba ya kawaida hugawanywa. Mgonjwa hupewa kama grei 2 kwa siku, grei ikiwa ndicho kizio cha kupimia mionzi iliyoingia mwilini, siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Kati ya kipindi na kipindi, seli nzima hupata muda wa kupona.

Tiba ya shabaha hufuata njia nyingine. Chanzo chake ni daktari wa Uswidi, Lars Leksell, aliyeieleza mwaka 1951 kwa ajili ya magonjwa ya ubongo. Baadaye John Adler wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alibuni mtambo wa CyberKnife, ambao mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1994. Hiyo ndiyo roboti wanayoizungumzia wazee wetu. Ilianza kazi mwaka 2023 katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mtambo huo haupigi mwale mmoja mkali. Hutoa miale myembamba, pengine zaidi ya mia moja, kutoka pande nyingi, na yote hukutana kwenye uvimbe. Fikiria siku ya soko: kila kichochoro kina watu wachache, lakini sokoni kwenyewe hapapitiki. Hivyo nyama nzima iliyo njiani hupata mionzi kidogo, na uvimbe hupata mwingi.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Kwa tezi dume, mgonjwa aweza kupewa grei 36.25 kwa vipindi vitano tu, yaani zaidi ya grei 7 kila mara. Kwa kipimo kikubwa hivyo, seli nzima hazina nafasi nzuri ya kujitengeneza. Mwale ukikosea kwa milimita chache, kiungo cha jirani ndicho kitakachoumia.

Viungo havistahimili sawasawa

Viungo vingine vimejengwa kama mnyororo. Uti wa mgongo na utumbo ni wa namna hiyo: pete moja ikikatika, mnyororo wote haufai kitu. Katika hivi, hata sehemu ndogo hairuhusiwi kupata kipimo kikubwa. Katika tiba ya kawaida, madaktari hujitahidi uti wa mgongo usipite grei 45 hadi 50 kwa jumla, maana kuupita mno kwaweza kuleta kupooza.

Vingine, kama mapafu, ini na figo, hufanana na wavuta juya. Wawili wakichoka, waliobaki huendelea kuvuta. Hapa kinachohesabiwa zaidi ni ukubwa wa sehemu iliyobaki salama.

Kwa hiyo kabla ya tiba, mgonjwa hupigwa picha za CT, na mara nyingi MRI. Daktari huchora uvimbe na kila kiungo kilicho karibu, kisha mtaalamu wa fizikia hupanga miale kwa kompyuta. Mpango ukionyesha kwamba kiungo fulani kitapita mpaka wake, hupangwa upya.

Tatizo ni kwamba mwili hautulii. Uvimbe ulio chini ya pafu waweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita moja kwa pumzi. Tezi dume husogea kwa kujaa kwa choo na gesi. Ndiyo maana mgonjwa aweza kuwekwa chembe ndogo za dhahabu ndani ya tezi ili mtambo uzione na kuzifuata.

Kazi ya mgonjwa

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akiambiwa aje na kibofu kilichojaa kiasi na choo kimeshatoka, afuate, kwa kuwa huko ndiko kusogeza utumbo na kibofu mbali na hatari. Akiambiwa apunguze vyakula vya gesi, kama mbaazi na kunde, avumilie kwa siku hizo. Alale bila kujitikisa. Na asiogope kuwapakata wajukuu jioni: mionzi inayotoka kwenye mtambo wa nje haibaki mwilini.

Je, tiba hii haina madhara? La, inayo. Utafiti wa PACE-B, uliochapishwa mwaka 2024, uliwafuata wanaume 874 ambao saratani yao ya tezi dume haikuwa imeenea. Baada ya miaka mitano, takriban 96 kati ya 100 waliotibiwa kwa vipindi vitano hawakuwa na dalili za ugonjwa kurudi, na 95 kati ya 100 kwa tiba ndefu. Hata hivyo matatizo ya mkojo ya kuhitaji matibabu yaliwapata takriban 27 kati ya 100 wa vipindi vitano, na 18 wa tiba ndefu. Tiba fupi ilifaulu sawa na ile ndefu, lakini kibofu na mrija wa mkojo vililipa zaidi kidogo.

Nani hafai kuisubiri?

Tiba ya shabaha hufaa uvimbe mdogo wenye mipaka inayoonekana. Saratani kubwa, au iliyotapakaa sehemu nyingi, kwa kawaida huhitaji njia nyingine. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, mara nyingi hutibiwa nyonga nzima kwa mionzi ya kawaida pamoja na dawa, kisha chanzo cha mionzi huwekwa ndani, karibu na uvimbe wenyewe. Hiyo nayo hukinga viungo, maana umbali kutoka kwenye chanzo kidogo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mionzi hushuka hadi kama robo. Mama huyo akikaa nyumbani akichangisha fedha za roboti, anapoteza miezi ambayo ingemponya.

Kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari wa saratani maswali haya: Uvimbe umeenea au la? Ni viungo gani vilivyo karibu nao, na vitakingwaje? Je, mtambo wa kawaida wawezaje kunitibu? Bima ya SHA italipia nini? Na baada ya tiba, damu ikionekana kwenye choo au mkojo, mkojo ukizuia, au miguu ikifa ganzi, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje tarehe ya kliniki.