Ambreyaji inateleza ao haiachii?

Wandugu wanamemba, gari ya koperative ikipita Sake na kuanza kupanda kwenda Masisi, moteri inalia sana lakini mwendo hauongezeki, na kunanuka kuungua: ambreyaji inateleza. Disiki imeisha ao imepata mafuta.

Jaribu mahali pa tambarare, mara moja tu. Vuta freni ya mkono, ingiza vitesi ya tatu, achilia pedali polepole. Moteri ikizimika, disiki ingali inashika.

Vitesi zikikatala kuingia, zima moteri ujaribu tena. Zikiingia vizuri, ambreyaji haiachii: angalia kwanza kabli ao mafuta yake, mbele ya kulipa mtu afungue sanduku ya vitesi. Hapo ndipo feza za viazi zinapotelea! Shofere naye asiegemeze mguu kwenye pedali njia yote.