Dondoo muhimu: Kabla ya kununua bunduki ya kwanza Kasese na Bwera

- Anza na sheria. Uganda hairuhusu raia kumiliki silaha bila kibali cha polisi, na umri wa chini ni miaka 25. Mwone kwanza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anayekufahamu, kisha kituo cha polisi.

- Jiulize ni ya kazi gani. Kama adui ni tembo wanaovuka kutoka hifadhi ya Queen Elizabeth kula mahindi, bunduki si jibu. Kuua tembo ni kosa kubwa. Mizinga ya nyuki, mitaro na pilipili husaidia. Ripoti uharibifu mapema kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda: sheria ya wanyamapori ya 2019 imeweka fidia.

- Chagua unayoweza kuimudu. Bastola ni nyepesi, lakini ni ngumu kulenga na ni rahisi kuibwa. Shotgani hurusha marisawa, ila hupiga bega kwa nguvu na haifichiki. Ya kivita, kama AK-47, usiiguse.

- Kataa ya magendo. Tangu shambulio la shule ya Mpondwe, Juni 2023, mpaka wa Uganda na Kongo unaangaliwa kwa jicho kali. Silaha isiyo na karatasi ni tiketi ya jela. Hata yenye kibali, usivuke nayo kwenda Kasindi, upande wa Kongo.

- Jifunze, kisha ifungie. Mtutu usimwelekee mtu kamwe. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Nyumbani, toa risasi zote na uzifungie mbali na silaha, watoto wasipofika.

- Huna sanduku la chuma la kuifungia? Basi bado hujawa tayari.