Mafunzo kwa Watumishi na Wakaazi: Hifadhi ya Taarifa Binafsi Dhidi ya Wizi wa Mtandao

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa Visiwani wenye jamaa, nyumba au biashara katika vitongoji vya Dar es Salaam, hususan Kinondoni na Temeke, wanatanabahishwa juu ya wizi unaotendeka bila ya kuvunja mlango. Wengi hudhani kuwa wizi wa mtandao ni kazi ya mabingwa wa kompyuta walio nchi za mbali. Kwa sehemu kubwa sivyo. Vinavyotafutwa zaidi ni alama ya kidole, namba ya siri na nakala ya kitambulisho, na vyote hivyo viko mikononi mwa mwananchi mwenyewe.

Inafaa kuanza na kidole, kwa kuwa ndicho kisichofikiriwa sana. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na tangu tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kufungwa. Makusudio yalikuwa kila namba iwe na mwenyewe anayejulikana. Mawakala wa usajili walienea hadi vituo vya daladala, na mtu ashukaye Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Tegeta hakosi kuwaona, meza ndogo mbele yao na mwavuli juu. Walio wengi ni watu waaminifu. Lakini asiye mwaminifu humwambia mteja kuwa mtandao unasumbua, aweke kidole tena, na tena. Mteja huondoka na laini moja. Ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lake bila ya yeye kujua, huuzwa kwa tapeli.

Matumizi ya laini hiyo yanafahamika kwa kila mwenye simu. Ni ule ujumbe mfupi usemao, kwa maneno yanayobadilika kidogo kidogo, kuwa ile pesa itumwe kwenye namba hii. Ujumbe huo hautaji mtu, kiasi wala sababu, na humo ndimo zilimo nguvu zake. Ukitumwa kwa watu elfu moja, hapakosi mpangaji wa Mbagala au Mwananyamala ambaye siku ile ile alikuwa akijiandaa kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi 6, au mama aliyefikiwa na siku ya kutoa mchango wa upatu. Huyo hutuma. Jina likitokea kuwa si la mwenye nyumba, husema moyoni kuwa pengine ni la mkewe. Kumbe ni la yule aliyeweka kidole mara mbili kituoni, ambaye naye hana habari mpaka aitwe polisi kujieleza. Hivyo ujumbe mmoja hudhulumu watu wawili. Mtumaji huenda hayuko Dar es Salaam kabisa, kwani taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2024 zilitaja Rukwa na Morogoro miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai.

Kinga ya jambo hili ni nyepesi, nayo haigharimu kitu. Mwenye simu hupiga *106# na kufuata maelekezo, akaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiwa na laini za kampuni mbili au tatu, kila moja aikague peke yake. Akikuta namba asiyoitambua, aende na kitambulisho katika duka la kampuni husika aiondoe. Asimtume mtoto wala wakala wa barabarani.

Jambo la pili ni steshonari. Vijana wanaoomba kazi au mikopo ya elimu ya juu, na wazazi wanaohakiki vyeti vya kuzaliwa, hupelekea nyaraka zao katika vibanda vya kuchapa na kutoa kopi. Mhudumu humfungulia mteja barua pepe, humtungia neno la siri, humwandikia katika kipande cha karatasi, na aghalabu hulihifadhi katika kompyuta yake ili siku nyingine kazi iwe rahisi. Vyeti, picha na namba ya kitambulisho cha taifa hubaki humo kwa miezi. Mwenye nyaraka ana haki ya kusimama hapo hapo akaona zinafutwa, na neno la siri alibadilishe siku ile ile kwa simu yake. Si utovu wa adabu kumwomba mhudumu jambo hilo.

Katika maofisi hali haitofautiani sana. Neno la siri la mfumo wa mishahara au wa kumbukumbu za watumishi halikopeshwi, hata kwa mwenzi wa meza moja, kwa kuwa kila linalofanyika humo huandikwa kwa jina la mwenye nalo. Aidha, kompyuta chakavu zisitolewe kabla ya diski zake kushughulikiwa na fundi. Kufuta faili ni mithili ya kuondoa jina la kitabu katika orodha ya maktaba. Kitabu chenyewe kingali rafuni.

Upo pia mtego wa mikopo ya mtandaoni. Mkopaji huipa programu ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, na akichelewa kulipa, ndugu, wakwe na wakubwa wake wa kazi huletewa ujumbe wa kumfedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu ulaghai wa kompyuta na kujifanya mtu mwingine kwa faini, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa bila ya idhini.

Anayepokea ujumbe wa kitapeli aupeleke kwenda namba 15040, kisha atume namba ya tapeli atakapotakiwa kufanya hivyo. Aliyekwisha kutuma fedha apige 100 papo hapo, kabla mpokeaji hajazitoa, na baadaye afike kituo cha polisi kilicho karibu. Simu ikipoteza mtandao ghafla hali majirani wa kampuni ile ile wanao, aazime simu nyingine na kupiga 100 vile vile, kwani huenda namba yake imehamishiwa laini nyingine. Ujumbe aliotumiwa na tapeli asiufute, maana ndio ushahidi utakaotakiwa.