Jua Sheria: Bunduki Haiuzwi kwa Kuaminiana

Bonasi ya majani chai inapolipwa, ng'ombe na pikipiki huuzwa kwa mapatano ya majirani. Bunduki haiuzwi hivyo, hata kama mwenyewe anaimiliki kihalali.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka muuzaji aone kwanza cheti kinachomruhusu mnunuzi kupata silaha hiyo. Kitambulisho cha taifa hakitoshi, wala ujirani au undugu. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha kwa jina la mtu. Bunduki ikiuzwa, cheti cha muuzaji hakihamii kwa mnunuzi.

Mnunuzi akisema cheti kitakuja baadaye, biashara isimame hapo. Cheti cha zamani nacho kitiliwe shaka: Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90.

Je, bunduki ya marehemu? Mjane au mtoto asiye na cheti haruhusiwi kuiuza wala kukaa nayo. Familia iarifu mapema kituo cha polisi kilicho karibu, na isiibebe kabla ya kupewa maelekezo.

Kumbuka: anayenunua bila cheti ana kosa, na anayemuuzia bila kukiona ana kosa pia.