Kila Injini na Mafuta Yake



Siku hizi injini ndogo ni mtumishi wa kila siku katika skimu zetu za makazi. Ukipita Kinangop au Ol Kalou utasikia msumeno wa injini ukikata mikaratusi, pampu ikipandisha maji kutoka mtoni, na mashine ya kukata majani ya ng'ombe ikinguruma nyuma ya zizi. Mashine hizi hununuliwa kwa fedha za maziwa na viazi, na mara nyingi kwa mkopo. Kwa hiyo ni huzuni kubwa kuona injini mpya imekufa kabla mkopo haujalipwa, na sababu ni kwamba ilitiwa mafuta yasiyo yake. Somo la mwezi huu ni juu ya jambo hilo.

INJINI NI ZA NAMNA TATU

Kwanza, iko injini ya petroli ya mipigo minne. Hii ndiyo iliyo katika pampu nyingi za maji. Oili yake hukaa peke yake chini ya injini, na petroli hukaa peke yake katika tangi. Injini hii hutaka petroli tupu. Usiichanganye na oili hata kidogo, lakini pima oili ya chini kila siku kabla ya kuwasha.

Pili, iko injini ya petroli ya mipigo miwili. Karibu misumeno yote ya injini ni ya namna hii, na pia bomba nyingi za injini za kunyunyiza dawa. Injini hii haina mahali pa kuweka oili yake. Petroli hupita kwanza chini ya pistoni, ndipo ipande juu kuungua. Oili iliyochanganywa ndani ya petroli ndiyo inayolainisha pistoni na silinda. Ukitia petroli tupu, chuma husuguana na chuma kikavu. Baada ya muda mfupi pistoni hukwaruzika, hushika katika silinda, na kamba ya kuwashia haivutiki tena. Bei ya pistoni na silinda mpya, pamoja na ujira wa fundi, huweza kukaribia bei ya mashine nzima.

Tatu, iko injini ya dizeli. Hii hutaka dizeli peke yake. Petroli ikiingia humo huharibu pampu ya dizeli, kwa maana dizeli ndiyo inayoilainisha.

Utazitambuaje? Soma kitabu cha maelezo au maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha tangi. Lakini angalia sana: msumeno wa injini una vifuniko viwili, na wengine hudanganyika kwa hilo. Kimoja ni cha petroli iliyochanganywa. Cha pili ni cha oili ya mnyororo, ambayo hulainisha mnyororo tu na haifiki kamwe kwenye pistoni. Mtu asiseme, "Nimekwisha tia oili," kumbe ametia ya mnyororo na petroli ni tupu.

KUPIMA NA KUCHANGANYA

Misumeno mingi ya sasa hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Mingine, hasa ya zamani, hutaka 1 kwa 25. Fuata kitabu cha mashine yako. Hesabu ni hii:

Petroli lita 1: oili mililita 20 (1 kwa 50), au mililita 40 (1 kwa 25).
Petroli lita 2: oili mililita 40, au 80.
Petroli lita 5: oili mililita 100, au 200.
Petroli lita 10: oili mililita 200, au 400.

Usikisie kwa jicho. Oili ikipungua, injini huungua. Ikizidi, moshi huwa mwingi, plagi hushika masizi, na nguvu hupotea. Chupa ya dawa ya mililita 100 iliyooshwa na kukaushwa yafaa sana kuwa kipimo: chupa moja kwa lita 5, nawe umepata 1 kwa 50. Ikiwa kipimo tayari, isirudi tena kutiwa dawa ya mtu.

Tumia oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa. Oili ya gari haifai. Hata oili ya injini za mashua haifai, kwa sababu injini hizo hupozwa kwa maji, wala hazipati joto kama msumeno.

Tia kwanza nusu ya petroli katika jerikeni safi. Ongeza oili yote uliyoipima. Funga, utikise vizuri. Kisha ongeza petroli iliyobaki, utikise tena. Kila mara kabla ya kujaza tangi, tikisa jerikeni. Changanya kiasi utakachokitumia kwa muda wa siku 30, kwa maana petroli ikikaa huharibika na kuacha utando katika kabureta. Ukitaka kuweka msumeno kwa miezi mingi, mwaga mafuta yote ya tangi katika jerikeni, kisha uwashe injini mpaka izimike yenyewe.

MAFUTA YA TAA HAYAFAI

Wazee watakumbuka kwamba miaka ya 1950 trekta nyingine za Ferguson ziliwashwa kwa petroli, kisha zikaendeshwa kwa mafuta ya namna ya mafuta ya taa. Ni kweli, lakini trekta zile zilitengenezwa hivyo kiwandani. Injini yako haikutengenezwa hivyo. Mafuta ya taa huifanya igonge, ipate joto kupita kiasi na kufa mapema. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru maalum juu ya mafuta ya taa ili kukomesha watu waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Kwa hiyo nunua petroli katika kituo unachokijua, wala si katika chupa kando ya njia.

Neno kwa walio nyanda za juu: hewa ya huko ni nyepesi, na injini yaweza kutoa moshi na kukosa nguvu. Dawa yake si kupunguza oili. Mpe fundi arekebishe kabureta.

JIHADHARI NA MOTO

Jaza mafuta nje, jerikeni ikiwa chini ardhini na injini ikiwa imezimwa na kupoa. Pasiwe na sigara wala jiko karibu. Funga kifuniko, futa yaliyomwagika, kisha sogea hatua nne au tano kabla ya kuwasha. Usiweke petroli katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa. Akiinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali upesi.

Mwisho, andika kwa rangi juu ya kila mashine na kila jerikeni: TUPU, 1 KWA 50, au DIZELI. Hivyo hata kijana au kibarua utakayemtuma hatakosea.

MASWALI

1. Una petroli lita 3, na kitabu chasema 1 kwa 50. Utatia oili kiasi gani?
2. Jirani amekuazima jerikeni ya petroli iliyochanganywa. Je, utaitia katika pampu ya mipigo minne?
3. Vifuniko viwili vya msumeno ni vya nini?

Majibu: 1. Mililita 60. 2. La, pampu hiyo yataka petroli tupu. 3. Kimoja cha petroli iliyochanganywa, cha pili cha oili ya mnyororo.